Maka ya kwanza ya peintiboli kwa bajeti ya Mbeya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tuko watu kumi na wachache tunaocheza peintiboli, ule mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi, Jumamosi mojamoja kwenye shamba la mikaratusi upande wa Uyole. Kila tukivua maski hakosi kijana aliyesimama pembeni na maswali, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimechoka kujibu huku napangusa matope, kwa hiyo nimeyaandika. Chombo chenyewe wengi wanakiita bunduki ya rangi. Sisi tunasema maka, na vile vidonge vya rangi tunaviita gololi.

Nina hela kidogo, nataka kuanza. Ninunue maka gani?

Kabla ya maka, niambie gesi utajaza wapi. Pwani mtu anaweza kununua kwanza akatafuta hewa baadaye, kwa sababu kule wapiga mbizi wana kompresa zao. Huku kwetu ukifanya hivyo unabaki na chuma cha kupambia sebule.

Yalinikuta mimi. Mtungi wangu wa kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniapia kwamba ndio wa kisasa: wa nyuzi za kaboni, unaobeba hewa iliyoshindiliwa hadi baa 300. Ulipofika stendi niliubeba kama mtoto mchanga. Halafu nikaanza kuzunguka. Miezi minane mtungi ule ulikaa chini ya mlango wa jikoni kuzuia usibamizwe na upepo, maana sikupata wa kuujaza, si mjini wala njiani. Kuna pampu za mkono zinazoweza kufikisha presha hiyo. Niliazima moja. Baada ya nusu saa jasho lilikuwa linanitoka Julai, Uyole, na geji haijafika hata nusu.

Kwa hiyo gesi ipi?

Kaboni dayoksaidi, ile ile inayotiwa kwenye soda. Na hapa watu wa Mbeya tuna bahati tusiyoijua: gesi hiyo inatoka ardhini kwetu. Kule Kyejo, wilayani Rungwe, mlima ni wa volkano na gesi inapanda yenyewe toka chini. TOL Gases wanaivuna na kuisambaza kwa viwanda vya vinywaji. Wanaojaza mitungi ya kuzimia moto wanaitumia, na baa zenye bia ya bomba zinaitumia. Yaani haihitaji kompresa ya mamilioni, inahitaji fundi mwenye mtungi mkubwa, mizani na akili timamu.

Sisi tunajaza kwa fundi wa mitungi ya kuzimia moto. Nenda na adapta yako mwenyewe, kwa kuwa uzi wa valvu ya mtungi wa peintiboli haufanani na wa mitungi yao. Mtungi wa kawaida wa mchezo huu unachukua wakia 20, ambazo ni gramu 567. Upime ukiwa mtupu, uandike uzito wake ubavuni kwa maka peni, kisha simama hapo hapo fundi anapojaza uone mizani. Hakuna kukadiria kwa kusikiliza sauti. Ukizidishwa, kuna kisahani cha usalama kwenye valvu kitapasuka, na mlio wake utaukumbuka. Kazi hiyo ifanyike nje au penye hewa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini chumbani bila harufu.

Mtungi mmoja wa wakia 20 unatoa kama mipigo mia nane hadi elfu moja kwa maka ya kawaida. Jumamosi nzima, na chenji inabaki.

Fundi wa kuchomea chuma ana gesi karibu na kwangu. Hawezi kunijazia?

Ngoja. Nilipokuwa nazunguka na mtungi wangu, fundi mmoja, mtu mwema kabisa, alinivuta pembeni: "Kaka, gesi ni gesi. Lete nikujazie hii ya oksijeni, elfu tano tu, unaondoka."

Usikubali hata kwa bure. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta au grisi inaweza kuwaka bila kiberiti, na maka yoyote ina mafuta kwenye oringi zake, vile vipete vya kuzuia gesi isivuje. Hapo kitakachoripuka kiko sentimita chache toka shavuni kwako. Asetilini ndiyo kabisa, wala tusiijadili. Na mtungi wa hewa usitie kaboni dayoksaidi, wala wa kaboni dayoksaidi usitie hewa ya presha kubwa. Kila mtungi na gesi yake.

Sawa, gesi nimepata. Sasa maka?

Maka ya kimakanika isiyo na betri. Watu wa kwetu wengi wana Tippmann 98 Custom au ndugu zake, na wawili wana Spyder za zamani. Tippmann ni nzito na haina mbwembwe, lakini mwili ni wa chuma, unaifungua kwa alenki, vipuri vyake vimejaa duniani, na inakula kaboni dayoksaidi bila kulalamika. Ikiingia vumbi la Julai unaifuta, unatia matone machache ya mafuta yake, inaendelea.

Maka za kielektroniki ni nzuri kwa wenye hewa safi iliyoshindiliwa. Gesi yetu huingia wakati mwingine ikiwa bado majimaji, nayo huzigandisha valvu zao ndogo za umeme na kuharibu sili. Hela inakwenda, na fundi wa kuitengeneza hayupo hata Dar.

Kama bajeti ni finyu zaidi, tafuta maka ya pampu, ile unayokokota kwa mkono kila mpigo. Watu wanaicheka hadi waone unavyomaliza siku na gololi mia mbili wakati wao wametupa elfu moja vichakani.

Bei inakuwaje mpaka ifike mkononi?

Marekani maka ya kuanzia ya kimakanika huuzwa kati ya dola 100 na 200 hivi. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na nauli ya basi toka Dar. Kinachoumiza zaidi ni gololi. Moja ina uzito wa gramu 3 hivi, kwa hiyo boksi la 2,000 ni kilo 6 na ushee, na unazimaliza kwa mchana mmoja. Ndiyo maana tunaagiza pamoja mara mbili kwa mwaka. Ukiagiza peke yako utalia.

Ile ya betri inayouzwa Kariakoo si peintiboli pia?

Hapana. Ile inarusha vigololi vya jeli vilivyolowekwa majini, vya milimita 7 au 8. Ya kwetu ni ya kipimo cha .68, yaani milimita 17 na kidogo. Wauzaji wanaandika jina lolote kwenye boksi. Soma kipimo.

Na zile ndogo za .50?

Haziumi sana, ni nzuri kwa watoto. Lakini hapa kwetu wote tuna .68, na siku gololi zako zikiisha hakuna wa kukuazima.

Sheria inasemaje?

Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza, ila hakuna anayeliuliza kwanza. Nchi ina sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, na kitu chenye mtutu na kifyatulio kinachosukumwa na gesi si kitu cha kukiingiza nchini kwa kubahatisha. Kabla hujatuma hata senti, andika barua polisi wilaya ukiambatanisha picha na maelezo ya unachotaka kuagiza, usubiri jibu la maandishi. Nakala ya jibu hilo ndiyo itakayokusaidia forodha. Neno la mdomo la rafiki yako askari usitembee nalo. Yeye akihamishwa utabaki na nani?

Uwanja nao una taratibu zake. Mwenye shamba akubali, mwenyekiti wa mtaa ajue, na majirani wajue siku na saa. Kwenye miti ya watu hakukosi kina mama wanaookota kuni na watoto wanaochunga. Sisi tunaweka mtu kila njia ya kuingilia, na akitokea mtu yeyote asiye na maski, filimbi inapigwa, wote mitutu chini. Misitu ya serikali usiingie bila kibali, hata kama hakuna anayekuona.

Maka barabarani inabebwa kwenye begi, haina gesi, haina gololi, na mdomo wa mtutu umevalishwa soksi yake. Usiipakie bodaboda ikiwa mgongoni wazi.

Tuvae kombati?

Mnataka kesi. Mavazi yanayofanana na sare za jeshi raia haruhusiwi, na mwaka 2023 JWTZ liliwataka watu wayasalimishe. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, chukua ovaroli la kijani au kahawia. Linaficha vizuri zaidi katikati ya mikaratusi kuliko madoadoa ya jangwani.

Maski naweza kutumia miwani ya fundi au helmeti ya pikipiki?

Hapa sina mzaha. Gololi ya gramu 3 ikitoka kwa kasi ya mita 85 hadi 90 kwa sekunde ina nguvu ya kung'oa jicho. Miwani ya kuchomea inadondoka, kioo cha helmeti kinapasuka vipande. Nunua maski ya peintiboli yenyewe, iliyoandikwa kiwango cha ASTM F1776. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua maski na maka uazime.

Ila chagua yenye kioo cha tabaka mbili. Asubuhi za Mbeya zina ukungu na wewe unahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Kioo cha tabaka moja kitageuka maziwa kabla ya dakika tano, na mtu asiyeona ndiye anayevua maski katikati ya mchezo. Kisafishe kwa maji na kitambaa laini, si spiriti. Kikipigwa kwa karibu sana, kibadilishe hata kama huoni ufa.

Baridi ya Juni inaathiri gesi?

Sana, na hakuna video ya mtandaoni itakayokuambia, kwa kuwa wengi wanaorekodi wanacheza kiangazi chao.

Kaboni dayoksaidi mtungini ni majimaji yanayochemka polepole kuwa gesi, na presha yake inafuata joto. Kwenye nyuzijoto 20 ni kama baa 57. Kwenye 10, inashuka hadi 45. Njoo Uyole saa mbili asubuhi ya mwezi wa sita, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande, uone maka inavyokohoa. Kila mpigo nao unaupoza mtungi zaidi, kwa sababu majimaji yanapochemka yanavuta joto la chuma. Ukifyatua mfululizo mtungi unaota barafu, gololi zinaanguka mita ishirini mbele, na mwenye maka anaanza kuilaumu.

Dawa yake si kununua kitu. Piga moja moja, acha sekunde chache. Mtungi uuweke ndani ya koti ukisubiri zamu. Na usirekebishe kasi asubuhi ukaiacha hivyo: ukikaza springi kwenye baridi ili ifike mita 85 kwa sekunde, saa saba jua likitoka maka hiyo hiyo itapita 91, ambayo ni kikomo cha viwanja vingi. Tunapima upya kila baada ya mapumziko. Kipima kasi tulichanga kikundi kizima, na asiyepima hachezi.

Joto nalo lina hatari yake. Tuliposhuka Chimala kucheza na wenzetu, mmoja aliacha mtungi uliojaa kwenye gari lililofungwa juani. Juu ya nyuzijoto 31 gesi hii haikai tena kama majimaji, na presha inapanda kwa fujo. Kisahani kilipasuka tukiwa tunakula wali. Kioo cha gari kilipona, hamu ya wali haikupona.

Na mwinuko? Tuko juu hapa.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo gololi inakokotwa kidogo kuliko pwani. Hutaiona tofauti. Utakayoiona ni ya mapafu yako ukitokea Dar.

Nimepata maka. Niboreshe nini kwanza?

Watu wanataka niseme mtutu. Wengine wameshaununua, wa inchi 16, mrefu kama mchi wa kutwangia.

Urefu hauongezi umbali. Gololi inamaliza kupata kasi yake ndani ya inchi chache za mwanzo. Baada ya hapo mtutu mrefu unaisugua tu na kukulia gesi. Inchi 12 hadi 14 zinatosha. La maana ni upana wa ndani ulingane na gololi zako. Jaribu hivi: fungua mtutu, usimamishe wima, dondosha gololi kwa nyuma. Ikipita moja kwa moja ikaanguka chini, mtutu ni mpana, gesi itapita pembeni. Ikikwama hata ukipuliza kwa nguvu, itapasukia ndani. Inayotakiwa ni ile inayokaa ilipo, halafu ukipuliza pumzi moja, puu, inatoka. Fanya hivyo na kila boksi jipya, kwa sababu gololi za mvua zinavimba na za kiangazi zinasinyaa.

Lakini hata huo mtutu sio wa kwanza. Wa kwanza ni pakiti ya oringi, inayogharimu chini ya boksi la soda. Oringi ya mdomo wa mtungi ni namba 015, na iwe ya yurethani. Zile nyeusi za kawaida gesi yetu inaziingia, ukifungua mtungi zinavimba na kuchanika. Nilitumia za duka la vipuri vya pikipiki zilizofanana kwa macho. Zilimaliza mchezo mmoja. Mafuta pia yawe ya maka. Oili ya injini inaozesha sili.

Cha pili ni mtungi wenye bomba la ndani lililopindwa, linalozuia majimaji kuingia kwenye maka. Kuna mafundi wa nje wanaolipinda kulingana na maka yako, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ukikosa, mpira wa gesi unaounganisha maka na mtungi uliofungwa mgongoni unasaidia vile vile, na mkono unapumzika.

Halafu ndiyo mtutu, kisha hopa, kile chombo cha gololi kinachokaa juu ya maka. Hopa ya kawaida inabeba gololi 200 na zinashuka kwa uzito wake, zikikwama unaitikisa. Ya betri inazisukuma, lakini kama huwezi kufyatua haraka, unalipia nini? Kifyatulio usikiguse. Kila aliyekilainisha kwa tupa kwenye kikundi chetu amenunua kingine.

Mbona unapenda kusema maka si muhimu?

Kwa sababu ya historia yake yenyewe. Chombo hiki hakikutengenezwa kwa mchezo. Nelspot 007 ilitengenezwa ili mabwana miti watie alama za rangi kwenye miti ya kukata, na wafugaji kwenye ng'ombe. Mtu aliyefanya kazi Sao Hill kule Mufindi ataelewa faida yake bila kuelezwa. Juni 1981 watu 12 wakazitumia kuwindana msituni huko Henniker, New Hampshire, nchini Marekani, kila mmoja akitafuta bendera. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, na hakufyatua hata mara moja. Kwetu anayeshinda mara nyingi ni dada mmoja mwenye maka ya pampu ya kuazima. Tunajua amekuja tukishapigwa.

Maka ya mtumba nikague nini?

Uzi wa pale mtungi unapofungwa: ukiwa umelika, achana nayo. Fungua bolti, kile chuma cha ndani kinachosukuma gololi, uangalie kutu. Weka gesi, pakaza povu la sabuni ya unga kwenye viungo vyote, subiri. Mapovu madogo mdomoni mwa mtungi ni oringi. Mapovu yanayotoka mtutuni ni sili ya valvu, na hapo punguza bei. Mtungi usome tarehe iliyogongwa: mingi inatakiwa kupimwa kwa maji kila miaka 5, na ya nyuzi za kaboni mingi inafika mwisho ikitimiza miaka 15.

Naweza kufukuzia nyani mahindini?

Cape Town kuna walinzi wa nyani wanaotumia maka, kwa mafunzo na utaratibu maalumu. Wewe shambani kwako Igawilo huna hayo, na nyuma ya nyani huenda yupo mtoto wa jirani.

Gololi zilizobaki nizihifadhije?

Ganda lake ni jelatini, kwa hiyo unyevu unalilainisha na baridi inalifanya livunjike kama ganda la yai. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, ndani, si stoo ya bati, na uigeuze kila wiki mbili zisibonyee upande mmoja. Jelatini hiyo hutokana na wanyama, nguruwe wakiwemo, kwa hiyo anayejali amuulize mtengenezaji. Zilizoanguka chini usizirudishe kwenye hopa, zina mchanga. Ziokote zote lakini, kwani mbwa huzipenda kwa utamu na zikiwa nyingi zinamuua. Rangi yenyewe inatoka kwa maji.

Naweza kuja kujaribu kabla sijanunua?

Njoo. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, na nguo ambayo mama hataulizia. Gololi utalipia unazotumia, gesi ni yetu. Tuna maski tatu za wageni, na moja tu inaingia juu ya miwani, kwa hiyo kama unavaa miwani tuambie mapema tusimpe mtu mwingine.